Darubini ya Msituni: Kwa Nini Mara 8 Yaishinda Mara 12

Mzazi aingiapo dukani kununua darubini, swali la kwanza amuulizalo muuzaji aghalabu ni hili: "Hii yavuta mara ngapi?" Naye muuzaji, kwa kuwa biashara ni biashara, humtolea ile inayovuta zaidi. Mnunuzi hurudi nyumbani na darubini ya mara 12, ama ya mara 16, nzito kama jiwe la mizani, akiamini kuwa amepata thamani ya fedha zake. Siku ya kwenda msituni ikifika, mama haoni kitu, watoto hawaoni kitu, na baba peke yake ndiye asemaye kwamba ameona. Baada ya ziara mbili darubini hupandishwa juu ya kabati, na watoto huondoka na itikadi kwamba kutazama ndege ni kazi ya watalii.

Hasara hiyo si ya fedha tu, ijapokuwa fedha nazo si haba, kwani hiki ni chombo ambacho familia nyingi zitakinunua mara moja tu. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba sisi wa pwani msitu tunao mlangoni, na tunaufunga mlango wenyewe kwa kununua chombo kisichoufaa. Arabuko-Sokoke, ulio baina ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio msitu mkubwa kabisa uliosalia wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani ili waje kuona viumbe vilivyomo humo, hali watoto wa Gede na Matsangoni huupita kila siku wakiwa ndani ya matatu.

Nasema basi, na nitaleta hoja zangu: kwa msitu, nunua darubini ya mara 7 au mara 8. Asiyeiona mara 8 dukani na aridhike na mara 6 kabla ya kukimbilia mara 12.

Tuanze na zile namba, maana ndizo ziwachanganyazo wengi. Kila darubini imeandikwa namba mbili, mfano 8x42. Ile ya kwanza yaeleza chombo chakuza mara ngapi: ndege aliye umbali wa mita 40 ataonekana kana kwamba yu mita 5 mbele yako. Ile ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani upana wa dirisha linaloingizia nuru. Mnunuzi huitazama ile ya kwanza peke yake. Ya pili huiona kama namba ya kiwandani.

Sasa tuingie msituni. Ndege wa msitu hakai juu ya ukuta akusubiri kama kunguru wa Mombasa. Yumo baina ya majani, hutokeza kwa muda wa pumzi mbili, akarukia tawi jingine. Tena katika Arabuko-Sokoke ndege wengi wadogo hutembea kwa makundi mchanganyiko: chozi, gogota, ndege warukao wakidaka wadudu hewani, wote pamoja, wakipita juu ya miti ya mrihi kama msafara wa harusi. Utakaa nusu saa pasi na kuona chochote, kisha ghafula miti yote itajaa ndege, na baada ya dakika chache kimya hurudi. Yule mnana mweusi na manjano aitwaye mnana wa Clarke, ambaye hapatikani popote duniani ila katika sehemu hizi za Kilifi, hupita hivyohivyo, juu kabisa katika vilele vya mirihi. Katika dakika hizo chache haja yako si kumwona ndege mkubwa sana. Haja yako ni kumpata.

Na kumpata kwategemea upana wa uwanja, yaani eneo ulionalo kwa mara moja kupitia ndani ya darubini. Kadiri chombo kinavyovuta, ndivyo kwa kawaida uwanja unavyobana. Darubini njema ya mara 8 huonyesha nyuzi zipatazo 8. Ya mara 12 mara nyingi huonyesha nyuzi 5 na nusu hivi. Kwa umbali wa mita 15, ambao ndio umbali wa kawaida humo msituni, ya kwanza itakuonyesha duara la zaidi ya mita 2, na ya pili duara lisilofika mita moja na nusu. Mtu aweza kudhani tofauti hiyo ni ndogo. Lakini eneo la duara la kwanza ni takriban mara mbili ya la pili, na mwenye duara dogo hujikuta akitafuta tawi katikati ya matawi mia yanayofanana, mpaka ndege akaenda zake. Upana huu huandikwa juu ya darubini yenyewe au juu ya sanduku lake, ama kwa nyuzi, ama kwa mita katika mita 1000. Ukiona mita 130 au zaidi katika 1000, hiyo yafaa kwa msitu. Chini ya mita 100, mrudishie mwenyewe.

Jambo jingine ni mkono. Mkono wa mwanadamu hautulii, hata wa kijana. Na darubini haikuzi ndege peke yake, hukuza na mtetemeko. Mara 12 yakuza mtetemeko mara 12. Mtu mzima aliyepanda kilima kidogo na moyo wamwenda mbio, au mama aliyembeba mtoto mgongoni, akiishika ya mara 12 ataona ndege akicheza chakacha. Akiishika ya mara 7, taswira itakuwa ndogo zaidi lakini imetulia, na mara nyingi ataona alama za manyoya ambazo mwenye kubwa hakuziona.

Hoja ya nuru ndiyo ninayoipenda zaidi, pengine kwa sababu ina historia katika vitabu vyetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri yapata mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi miale kwenda kuvishika vitu, kama walivyoshika wengi kabla yake, bali nuru ndiyo itokayo kwenye vitu ikaingia jichoni. Kazi ya darubini basi ni kuiteka nuru hiyo na kuifikisha kwenye mboni. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, utapata kipenyo cha duara la nuru litokalo upande wa jicho: 8x42 yatoa milimita 5 na ziada, 7x35 yatoa 5 kamili, 8x32 yatoa 4. Zile ndogo za mfukoni zilizoandikwa 10x25 zatoa 2 na nusu, na 12x25 zatoa 2 tu.

Juani, mboni ya jicho hujibana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo pale ufukweni hata ile ya mfukoni haionekani na kasoro. Lakini ukiingia chini ya miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mboni hufunguka kutafuta nuru, na ile darubini ya mfukoni huwa kama mtu aliyekuchungulisha kupitia tundu la ufunguo. Huko vichakani kwenye udongo mwekundu ndiko akaako bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi urefu wa sentimita 18, wengine wakiwa na rangi ya kijivu, wengine ya hudhurungi. Mchana hulala wawili wawili katika giza la vichaka, wakifanana na majani makavu kiasi kwamba waongozaji wenyeji, ambao wazijua pahala zao, hulazimika kukuonyesha tawi kwa tawi. Na kuanzia Aprili mpaka Oktoba huja kutoka kusini ndege mmoja mwenye madoadoa kifuani, atembeaye chini juu ya majani yaliyoanguka, naye huonekana hata katika miti iliyoota baina ya magofu ya Gede. Hawa si wa kutazamwa kwa milimita 2 za nuru.

Kuna jambo la nne wauzaji hawalitaji kabisa, nalo ni kina. Darubini ivutayo kidogo huonyesha wazi vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja, bila ya kuzungusha kile kigurudumu cha kati kila mara. Ivutayo sana huonyesha wazi tabaka jembamba tu, na ndege akisogea hatua tatu nyuma ya jani, taswira imeharibika na kidole kinatafuta kigurudumu. Kwa mtoto wa miaka minane ambaye bado hajazoea, jambo hili peke yake latosha kumkatisha tamaa.

Sitaki kuidhulumu mara 10. Mtu akiishi kando ya hori ya Mida, na hamu yake ni ndege wa matopeni, wale weupe na weusi walao kaa na wenzao waliosimama mbali maji yakiwa yamekupwa, mara 10 ina haki yake. Pale ni uwazi, nuru tele, na ndege hana pa kujificha. Lakini chombo kimoja cha familia kikitakiwa kifae Mida na kifae msitu, mara 8 itafanya kazi ya Mida kwa upungufu mdogo, hali mara 10 itapungukiwa zaidi msituni.

Basi ipi hasa? Kwa nyumba nyingi ningechagua 8x32 kabla ya nyingine zote. 8x42 ina nuru zaidi, na anayekusudia kutoka alfajiri aichukue. Lakini uzito wake aghalabu ni baina ya gramu 600 na 800, na uzito huo shingoni kwa saa tatu si mchezo. 8x32 hupungua uzito kwa kiasi cha kusikika. 7x35 za mtindo wa zamani, zile zenye mabega mapana ambazo lenzi za mbele zimeachana kuliko za macho, ni nzuri mno na huuzwa kwa bei ya chini, maana umbo lake ni rahisi kutengeneza. Kwa fedha ileile, ya mabega mapana mara nyingi huipita kwa uangavu ile nyembamba iliyonyooka. Kizuri cha ile nyembamba ni kwamba hukaa vizuri mkobani, na nyingi hazipitishi maji. 6x30, ukiibahatisha, ni ya mtoto na ya bibi. Uwanja wake ni mpana na haitetemeki.

Akina mama wana mambo yao mahsusi, nami naona ajabu kwamba maelezo ya darubini huandikwa kana kwamba wanaume ndio wenye macho. Avaaye miwani na aulize masafa ya jicho: yaani jicho laweza kukaa umbali gani na lenzi na bado likaona duara zima. Yawe milimita 15 au zaidi, na vile vikombe vya mpira viwe vya kuzungusha au kukunjwa chini, ama sivyo ataona kama aliyetazama kupitia bomba. Avaaye nikabu atakuta pumzi yapanda juu na kutia ukungu kwenye lenzi. Dawa yake ni kuilegeza kidogo chini ili pumzi ishuke, na kuishusha darubini kila baada ya kitambo. Ukanda mwembamba wa shingoni huvuta mtandio na kuuteremsha. Ule mkanda upitao mabegani na kufungwa mgongoni, ukavaliwa juu ya buibui, huacha kichwa na shingo pasi na mzigo.

Watoto nao wana nyuso nyembamba. Kuna darubini ambazo hata ukizikunja mpaka mwisho, tundu zake mbili hubaki mbali kuliko macho ya mtoto, naye huona duara mbili badala ya moja. Usinunue bila ya mtoto mwenyewe kuijaribu. Na kwa kuwa watoto hupenda vya karibu, uliza pia darubini yaanza kuona wazi kutoka umbali gani. Ianziayo mita 2 itamwonyesha vipepeo, na katika eneo la Gede kuna mradi uitwao Kipepeo, ulioanzishwa 1993, ambao wanakijiji wa kando ya msitu hufuga viluwiluwi vya vipepeo na kuviuza ng'ambo. Mtoto aliyemkosa bundi siku hiyo hatarudi mikono mitupu. Akibahatika zaidi atamwona sange mwenye kiuno cha dhahabu akichakurachakura majani kwa pua yake ndefu.

Ukiwa dukani, usiijaribu darubini kwa kutazama rafu ya upande wa pili. Toka nje hadi mlangoni, utafute kunguru juu ya waya au herufi za kibao cha mbali. Kwanza izungushe mpaka duara mbili ziwe moja. Kisha tazama kwa jicho la kushoto peke yake na urekebishe kigurudumu cha kati. Halafu kwa jicho la kulia, na hapo urekebishe ile pete ndogo iliyo kwenye tundu lake. Ukifungua yote mawili, taswira iwe moja, kali, bila ya macho kuvutana. Ukihisi kichwa chauma baada ya dakika mbili, vioo vimepinda ndani na hakuna atakayekunyoshea kwa bei utakayoikubali. Kisha iweke mbali na uso kiasi cha dhiraa moja, uielekeze kwenye anga angavu, utazame zile duara mbili za nuru kwenye lenzi za jicho. Zikiwa mviringo kamili, prizimu ya ndani ni njema. Zikikatwa pembeni zikafanana na kashata, prizimu ni hafifu.

Ile iliyotumika usiidharau, bali ikague. Igeuze, utazame kupitia lenzi kubwa dhidi ya taa. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu haifutiki kwa kitambaa kwa kuwa imo ndani.

Ziko aina tatu ambazo ningemkataza hata adui yangu kuzinunua. Ya kwanza ni ile yenye kidude cha kuongeza na kupunguza ukuzaji, kwa mfano kutoka mara 8 hadi 24. Mara 8 yake ina uwanja mwembamba na mara 24 yake ni giza. Ya pili ni ile yenye lenzi nyekundu zing'aazo kama kito. Rangi hiyo hurudisha nje sehemu ya nuru uliyokuwa ukiihitaji, na ndege hugeuka rangi. Ya tatu ni ile isiyo na kigurudumu kabisa, inayosifiwa kwamba haihitaji kurekebishwa. Ndege wa mita 5 hutamwona kwayo.

Najua kwamba nyumba nyingi zitaitoa darubini hiyohiyo jioni ya tarehe 29 kutafutia mwezi mwandamo. Hukumu ya kuona kwa chombo ina mahali pake na wenyewe wa kuisema, na si katika makala haya. Kwa upande wa chombo chenyewe, mara 7 au 8 yafaa vilevile, kwa kuwa mwezi mchanga ni uzi mwembamba katika anga pana, na uwanja mpana ndio uupatao. Lakini sharti jua liwe limezama lote. Kulitazama jua kwa darubini, hata ukingo wake, hata mara moja, huunguza jicho, na watoto wasiachiwe chombo hiki pasi na mtu mzima kabla ya magharibi.

Namna ya kuitumia yaweza kufunzwa barazani. Mwanafunzi amtazame ndege kwa macho yake matupu, asiyabandue macho hayo, kisha ainue darubini mpaka ikutane nayo. Wengi hufanya kinyume: huinamisha kichwa kuitafuta darubini, wakainua tena, na tawi limeshapotea. Mazoezi ya siku tatu kwa njiwa na pugi wa uani yatosha, na baada ya hapo mkono hujua njia.

Na pwani yetu ni adui wa vioo. Unyevu na chumvi havilali. Usifute lenzi kwa pindo la leso. Chembe moja ya mchanga itaikwaruza milele. Puliza kwanza, pangusa kwa brashi laini, kisha toa pumzi juu yake na ufute kwa kitambaa cha miwani. Usiifungie kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kuvu huanzia hapo. Itie katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kibanacho, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu viletwavyo ndani ya masanduku ya viatu, na uvibadilishe kila vipatikanapo vipya. Ikirudi kutoka ufukweni ipanguse mwili kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, uiache ikauke kivulini penye upepo, ndipo uifunike.

Kwa anayeanza, aanzie Gede. Njia zake ni tambarare, miti ni mikubwa, watoto watakimbia baina ya kuta za mji wa kale na msikiti wake mkuu, na ndege wa msitu wamo juu yao. Arabuko-Sokoke ifuate wiki nyingine, pamoja na mwongozaji mwenyeji, na mfike kabla ya saa moja asubuhi, kwani kufikia saa nne joto limeshawanyamazisha karibu wote.